Kalemie: Nguruwe wa Kimexico kwenye pipa la moshi, na somo kwa mpishi kwamba moshi si moto

KALEMIE, Tanganyika – Kwenye fuko za Ziwa Tanganyika, moshi ni mtaji. Ndagala huanikwa juani, lakini samaki wenye mwili mkubwa zaidi, kama mikebuka na sangala, hupitishwa juu ya kuni ili wasafiri hadi masoko ya mbali bila kuoza. Mtu aliyekulia katika kazi hiyo tayari anajua nusu ya siri ya mlo mmoja wa Mexico ambao siku hizi watu wa nchi nyingi huupika nyumbani kwa jiko la moshi.

Mlo huo ni taco al pastor. Nyama ya nguruwe hukatwa vipande vyembamba, hulowekwa katika mchuzi mzito wa pilipili na viungo, kisha vipande hurundikwa kimoja juu ya kingine kwenye chuma kilichosimama wima. Ikiiva, nyama hukatwa kutoka juu kwenda chini na kuliwa ndani ya mkate mwembamba wa mahindi, pamoja na kitunguu kibichi, majani ya kotimiri, ndimu na kipande cha nanasi.

Jina lenyewe, likitamkwa mezani mbele ya Waswahili, huleta kicheko, kwa hiyo ni heri libaki na tahajia yake ya Kihispania. Na neno “pastor” hapo ni mchungaji wa mifugo, si mchungaji wa kanisa.

Nusu ya pili ya siri ni joto, na hapo ndipo ujuzi wa samaki hautoshi. Samaki aliyepata rangi ya dhahabu kwenye moshi anaweza kuwa tayari kwa soko. Rundo la nguruwe lenye rangi hiyohiyo nje linaweza kuwa bichi kabisa katikati, na ubichi wa nguruwe una madhara ambayo hayaishii tumboni.

Kutoka kwa kondoo hadi nguruwe

Asili ya mlo huu si Mexico peke yake. Katika karne ya 19, wachoma nyama wa dola ya Uturuki walikuwa wakisimamisha nyama ya kondoo wima mbele ya moto na kuikata kwa nje kadiri inavyoiva. Kutoka kwao zilipatikana doner ya Waturuki na shawarma ya Waarabu wa Lebanon na Syria, ambayo leo inauzwa Lubumbashi, Dar es Salaam na Mombasa.

Watu wa Lebanon na nchi za jirani walipohamia Mexico mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, walikwenda na ujuzi huo. Katika mji wa Puebla, miaka ya 1930, nyama yao ilikuwa ikiuzwa ndani ya mkate bapa kwa jina la “tacos árabes”, yaani taco za Kiarabu. Hatua kwa hatua kondoo aliiacha nafasi kwa nguruwe, mnyama anayependwa zaidi na Wamexico wengi.

Baadaye, katika Jiji la Mexico, wapishi waliongeza pilipili za kwao, viungo vyekundu na nanasi. El Tizoncito, mgahawa ulioanza mwaka 1966, ni mmoja wa inayodai kuwa ndiyo iliyouleta mlo huo katika sura yake ya leo. Rundo la nyama likapewa jina la trompo, maana yake pia, ile wanayochezea watoto, kwa sababu ni pana juu na jembamba chini.

Vingi vimo sokoni

Mkazi wa Kalemie anaweza kudhani kuwa mlo wa namna hii unahitaji viungo vya kuagiza kwa ndege. Ukweli ni kinyume. Mahindi yalianza kulimwa Mexico kiasi cha miaka 9,000 iliyopita. Pilipili pia ni mmea wa Amerika, na vivyo hivyo nyanya, nanasi na hata muhogo. Mazao hayo yaliingia Afrika kuanzia karne ya 16 kwa meli za Wareno, yakapenya bara kutoka pwani zote mbili, hadi yakawa chakula cha kila siku cha watu ambao hawajawahi kuisikia Mexico.

Nchi ya ziwa nayo ilikuwa njia. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilifika Ujiji, ikavuka ziwa na kushukia Mtowa, karibu na Kalemie ya leo, ikielekea Manyema. Ndiyo njia iliyoleta pia lugha ambayo wachuuzi wa soko la Kalemie wanaitumia kupatana bei. Bukari anayoila mtu wa Tanganyika na mkate anaokunja Mmexico vimetoka kwenye zao moja.

Kwa hiyo bega la nguruwe, kitunguu, kitunguu saumu, nyanya, ndimu, siki na nanasi vyote vinapatikana. Vitu viwili tu vinahitaji kufikiriwa.

Cha kwanza ni pilipili. Wamexico hutumia pilipili kavu aina ya guajillo, ambayo ina rangi nyingi na ukali kidogo. Pilipili ndogo za Kongo ni kali mara nyingi zaidi. Mpishi atakayefuata vipimo vya Kimexico kwa pilipili za hapa hataweza kula alichopika. Njia ya busara ni kukausha pilipili tamu, zile ambazo wengi huziita poivron, juu ya moshi, kuziloweka katika maji ya moto hadi zilainike, kisha kuzisaga na pilipili kali moja au mbili.

Cha pili ni kiungo chekundu kinachoitwa achiote. Jina ni geni, lakini Waswahili wa pwani wana lao: mzingifuri, mti wenye maganda yenye miiba laini na mbegu za rangi ya damu. Watembezaji wa watalii katika mashamba ya viungo ya Zanzibar hupaka mbegu zake midomoni mwa wageni, na wakulima wa Kwale, Kenya, wamezilima kwa miaka mingi kwa ajili ya viwanda vya rangi ya chakula. Asiyeupata mzingifuri anaweza kutumia kijiko cha mawese pamoja na nyanya ya kopo. Ladha haitakuwa ileile, lakini rangi itakaribia.

Onyo dogo kuhusu nanasi: juisi yake mbichi ina kimeng’enya kinachovunja nyama. Saa moja au mbili hulainisha. Usiku kucha huigeuza nyama kuwa uji. Anayetaka kuloweka tangu jioni aweke siki na viungo kwanza, nanasi lisubiri asubuhi.

Mkate nao una siri yake. Unga wa bukari ukikandwa kwa maji haushikani kuwa mkate wa kukunjika. Wamexico huchemsha mahindi kwa chokaa ya chakula kabla ya kuyasaga. Chokaa hulegeza maganda, hufanya unga ushikane, na huufungua mwilini mwa mlaji vitamini aina ya niasini iliyojificha ndani ya mahindi. Watu wanaotegemea mahindi bila njia hiyo, na bila vyakula vingine vya kutosha, wamewahi kupatwa na pelagra, ugonjwa wa kubabuka ngozi, kuhara na kuchanganyikiwa. Chokaa ya ujenzi haifai kwa chakula. Kwa mlo wa siku moja, chapati iliyopikwa nyembamba inatosha.

Pipa badala ya jiko la dukani

Majiko ya moshi yanayouzwa Marekani yana kipimajoto mlangoni na mengine hujilisha kuni yenyewe kwa umeme. Pipa la chuma la lita 200 linafanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo. Linatobolewa matundu machache karibu na chini ili hewa iingie, na linawekewa kifuniko chenye tundu la kutolea moshi. Makala yanayowaka hukaa chini kabisa, wavu wa chuma hukaa juu, na kati yake huachwa nafasi ya kutosha ili ndimi za moto zisiguse nyama. Kuongeza joto ni kufungua matundu ya chini. Kulipunguza ni kuyaziba.

Uchaguzi wa pipa si jambo la kupuuza. Pipa lililobeba dawa za mimea, tindikali au kemikali za kiwandani halifai hata likioshwa mara kumi. Lililobeba mafuta ya kula ni salama zaidi, baada ya kuchomwa kwa moto mkali likiwa tupu. Mabati na nyavu zilizopakwa zinki nazo ziachwe, kwa kuwa zikipata joto kali hutoa mvuke wenye sumu. Na pipa likae nje ya nyumba, kwa kuwa gesi ya makala huua bila kunuka.

Kuni za mwembe au mpera, zikiwa kavu, hutoa moshi laini. Misonobari ina utomvu unaoacha ladha ya lami. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa zisitumike kabisa.

Chini ya nyama panafaa pawe na sufuria pana ya kupokea mafuta. Mafuta yakidondokea makaa hutoa moshi mweusi wenye kemikali zinazohusishwa na saratani. Tatizo hilo wakaushaji wa samaki wa Afrika Magharibi wanalijua vizuri: shirika la FAO na kituo cha mafunzo ya uvuvi cha Thiaroye, Senegal, walibuni tanuri linalokinga mafuta na kutenga moto na moshi, wakilijengea juu ya tanuri la Chorkor lililopewa jina la kitongoji cha wavuvi cha Accra, Ghana. Sufuria ndani ya pipa ni toleo la kimaskini la wazo hilohilo.

Moshi si moto

Hapa ndipo mpishi anapaswa kutulia. Kwenye trompo ya mtaani Mexico, moto uko ubavuni na nyama inazunguka. Tabaka la nje tu ndilo linaloiva, kisu hulikata, na tabaka linalofuata hupata zamu yake. Nyama ya ndani hubaki mbichi hadi kisu kiifikie, wala si tatizo, kwa sababu hakuna anayeila kabla haijakutana na moto.

Ndani ya pipa mambo ni tofauti. Joto linazunguka pande zote na rundo zima linatakiwa kuiva kwa pamoja. Kwenye nyuzijoto 120 hadi 130, rundo la kilo tatu huchukua saa tatu hadi tano. Nje hupata rangi nzuri ndani ya saa moja na nusu, wakati kitovu bado ni vuguvugu. Mpishi mwenye haraka, au mwenye wageni waliokwisha kaa, hushawishika kukata.

Kinachomsubiri huko ndani kinaweza kuwa tegu wa nguruwe. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha binadamu humeza mayai ya mnyoo huyo, na ndani ya misuli yake hujengeka vifuko vyeupe, vingine vikubwa kama punje ya njegere. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, mnyoo hukua utumboni mwake na unaweza kufikia urefu wa mita kadhaa.

Lililo baya zaidi hutokea baadaye, na mara nyingi kwa mtu mwingine. Mwenye tegu hutoa mayai chooni. Mikono isiyonawiwa, maji au mboga zilizochafuliwa huyafikisha mayai hayo midomoni mwa watu wa nyumbani mwake, hata wale ambao hawajawahi kuonja nguruwe. Vifuko vinaweza kujijenga ndani ya ubongo. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakitaja kimelea hiki kuwa chanzo kikubwa cha kifafa kinachoweza kuzuilika, na linakadiria kuwa katika maeneo ambako kimeenea na nguruwe wanazurura, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wanatokana nacho. Ni ugonjwa ambao familia nyingi bado huutafutia mchawi.

Kinga yake jikoni ni rahisi: joto lifike katikati. Nyuzijoto 71 ndani ya nyama ni kipimo chenye usalama wa ziada, na kwa bega la nguruwe ni vema kupanda zaidi, hadi 80 na kitu, ili mishipa ilainike. Kipimajoto cha nyama chenye msumari ni kifaa kidogo, na mfanyabiashara wa nyama angekihesabu kuwa sehemu ya mtaji.

Asiye nacho ana njia nyingine, ambayo kwa bahati nzuri ndiyo inayoleta ladha bora. Rundo lisizidi kilo mbili au tatu, na vipande visizidi unene wa nusu sentimita. Baada ya moshi, nyama yote ikatwe ndogondogo na kurushwa kwenye karai la moto mkali hadi itoe mvuke na kingo zake zikauke. Vipande vidogo haviwezi kuficha ubichi. Nanasi nalo lipite kwenye karai hilohilo.

Ukaguzi wa kwanza lakini hufanyika sokoni. Nyama yenye vifuko vyeupe ndani ya misuli isinunuliwe, hata kwa nusu bei, na aliyeiona amweleze mkaguzi wa mifugo badala ya kuiachia kwa mnunuzi anayefuata.

Mabaki yanayoweza kumaliza zizi

Kuna hatari ya pili, isiyomgusa mlaji bali mfugaji. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo madaktari wa mifugo wa Kongo huiita kwa Kifaransa peste porcine africaine, ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Haimwambukizi binadamu. Kwa nguruwe haina tiba, na inaweza kuua karibu zizi zima ndani ya siku chache.

Kwa familia nyingi za mashariki mwa Kongo, nguruwe ni benki. Anauzwa mtoto anapohitaji ada ya shule au mgonjwa anapolazwa. Homa ikipita, akiba ya mwaka mzima huishia shimoni.

Virusi vyake ni vigumu kufa. Hubaki hai ndani ya nyama mbichi, na vinaweza kuvumilia kwa muda mrefu hata katika nyama iliyotiwa chumvi au kukaushwa kwa moshi usio na joto la kutosha. Joto la nyuzi 70 kwa nusu saa huviangamiza. Kwa hiyo kipande kilichoungua nje na kubaki kibichi ndani, kikitupwa jalalani na nguruwe wa jirani akakila, kinaweza kuhamisha ugonjwa kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Ngozi, mifupa na maji yaliyooshea nyama yasimwagwe mahali ambapo mifugo inafika. Mabaki yazikwe au yachomwe.

Wafugaji wana sababu ileile ya kuwafungia nguruwe wao. Zizi lililofungwa huwazuia wasifike kwenye kinyesi cha watu wala kwenye jalala, na hivyo hukata njia ya tegu na njia ya homa kwa mara moja.

Hesabu ya kuni na heshima kwa jirani

Saa tano za moto kwa kilo tatu za nyama ni anasa. Makala yanazidi kutoka mbali na miti inapungua, na mama anayechoma samaki huhesabu kila gogo kwa sababu tanuri lake hubeba mamia ya samaki kwa moto mmoja. Mwenye kutaka kufanya biashara ya nguruwe wa moshi atalazimika kuhesabu vivyo hivyo: mapipa mawili madogo yenye vifuniko vinavyoziba vizuri hula kuni kidogo kuliko pipa moja linalovuja, na joto linalobaki linaweza kuchemsha maharagwe ya kesho.

Wengine watafikiri kuokoa kuni kwa kuweka nguruwe katika tanuri la samaki. Hilo ni kosa la kibiashara kabla ya kuwa kosa la upishi. Samaki wa Kalemie hununuliwa na Waislamu, Waadventista na watu wengine wasiokula nguruwe. Mafuta yakidondokea wavu mmoja, mteja ana haki ya kuuacha mzigo wote, na habari husambaa sokoni kabla ya saa sita. Pipa la nguruwe liwe la nguruwe tu, pamoja na kisu chake na ubao wake.

Kwa nyumba zisizokula nguruwe, mlo huu hauna mlango uliofungwa. Ulianza na kondoo, na paja la mbuzi au kuku asiye na mifupa hukubali mchuzi uleule wa pilipili na nanasi. Kuku naye lazima aive hadi katikati, na mbuzi huhitaji muda mrefu zaidi kwa kuwa nyama yake ni kavu. Kijiko cha mafuta kati ya tabaka na tabaka husaidia.

Anayeanza leo anaweza kufuata mpangilio huu: jioni aloweke kilo mbili za bega katika pilipili, siki, kitunguu saumu, bizari ya pilau, chumvi na kiungo chekundu, mahali penye ubaridi. Umeme ukikatika na friji ikapata joto, aahirishe kuloweka hadi asubuhi. Asubuhi aongeze juisi ya nanasi kwa saa moja, arundike vipande kwenye chuma kilichosimamishwa juu ya nusu ya nanasi, awashe pipa na kuacha kifuniko kimefungwa. Kila anapofunua kuchungulia anapoteza joto na kuongeza dakika za kusubiri. Ikifika mchana, karai liwe tayari motoni kabla kisu hakijagusa nyama, na wageni wasianze kuonja kutoka kwenye chuma.